Waraka kwa Jamaa Kuhusu Dhahabu ya Saa Kuukuu

Jamaa wote walioko Tanga, Mombasa na kwingineko wanaarifiwa kwamba habari zilizowafikia, za kuwa Waswahili wa Pennsylvania siku hizi wananunua saa za dhahabu, ni za kweli kwa upande wa kununua. Kwa upande wa dhahabu zinahitaji ufafanuzi, na ufafanuzi huo ndio dhamira ya waraka huu.

Saa zinazohusika ni za mfukoni, zile za kufungwa kwa mnyororo kwenye kizibao, ambazo viwanda vya Marekani vilizitengeneza kuanzia miaka ya 1850 hadi katikati ya karne ya 20. Kiwanda cha Waltham, Massachusetts, kilitangulia kuziunda kwa mitambo na kwa vipuri vinavyolingana, badala ya fundi mmoja kuchonga kila jino kwa mkono. Kikafuatiwa na vingine, vikiwamo Elgin cha Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1864, na Hamilton cha Lancaster, Pennsylvania, cha mwaka 1892. Kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno, na Elgin peke yake kilitoa takriban milioni 60, uzee haukuzipandisha bei, hivyo saa ya kawaida yenye umri wa zaidi ya miaka 100 mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 100 kwenye minada ya mali za marehemu na katika masoko ya vitu vikuukuu, ambako Mswahili aliyezoea kuchagua mitumba ya Marekani huko nyumbani sasa anaichagua kabla haijapanda meli.

Kanuni ya kwanza ya utambuzi ni kwamba saa moja ni vitu viwili, yaani mashine, ambayo ndiyo inayotembea, na kasha, ambalo ndilo linaloonekana, na kwamba vitu hivyo kwa kawaida vilitoka katika kampuni tofauti, kwa sababu mteja wa zamani alichagua mashine dukani kisha akachagua kasha kulingana na mfuko wake. Anayesoma kifuniko na kutangaza kwamba amepata saa ya Keystone amesoma jina la mtengenezaji wa makasha, na bado hajaijua saa. Jina la kiwanda na namba ya mfululizo, ambayo ndiyo inayolinganishwa na majedwali ili kupata mwaka wa kutengenezwa, huchongwa juu ya mashine yenyewe, ndani kabisa, na kifuniko cha nyuma mara nyingi ni cha kuzungushwa kama cha chupa, jambo ambalo wengi hulitambua wakiwa wameshakitia bisibisi.

Hata huko ndani, msomaji hana budi kuwa macho. Majina kama P.S. Bartlett kwenye mashine za Waltham na B.W. Raymond kwenye zile za Elgin ni majina ya madaraja ya mashine, ingawa wapo wauzaji wanaosimulia kwa huzuni jinsi mzee Bartlett alivyoipenda saa yake hadi pumzi ya mwisho. Maneno ya Kiingereza yanayotaja jino la usalama nayo huuzwa kama jina la kampuni, ilhali yanahusu kijigurudumu kinachojifungua chenyewe kamani inapokatika, kamani ikiwa ni ule utepe wa chuma unaoisukuma saa, ili mshtuko usiyavunje meno mengine.

Kuhusu dhahabu, jamaa wanaombwa wakae kitako. Makasha mengi ya rangi hiyo ni shaba nyeupe au ya njano iliyobanwa kati ya mabamba mawili membamba ya dhahabu, na watengenezaji walichonga ndani dhamana ya miaka 10, 20 au 25 kabla bamba halijalika. Dhamana ya miaka 20 iliyotolewa mwaka 1905 ilikwisha kabla nyanya hajazaliwa. Makasha yaitwayo Silveroid yana fedha katika jina tu, kwani ni mchanganyiko wa nikeli na shaba nyekundu. Yaliyokuwa dhahabu tupu, mengi yaliyeyushwa bei ilipopanda, na mashine zilizobaki uchi zikavishwa makasha ya kuazima, ambayo hujulikana kwa alama za skrubu zisizolingana na mashine iliyomo.

Picha ya garimoshi iliyochongwa mgongoni nayo si ushahidi kwamba saa ilikuwa ya reli. Baada ya treni mbili kugongana Kipton, Ohio, mwaka 1891, ajali iliyohusishwa na saa iliyochelewa dakika chache, Webb C. Ball wa Cleveland alikabidhiwa ukaguzi wa saa za reli, na kanuni zilizoenea baadaye zilidai saa isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Sharti hilo liliihusu mashine, wala hakuna mkaguzi aliyepima mchoro. Vivyo hivyo, jamaa watakaosikia kwamba saa ina vito 17 wasiitane, kwa kuwa vito hivyo ni vijiwe vidogo mno vya kupunguza msuguano mahali ekseli zinapozungukia, na thamani yake kwa sonara haifiki nauli ya kumfikia.

Kwa hiyo saa itakayotumwa kwa jamaa na kuwasili Desemba ipelekwe kwa fundi saa, isipelekwe kwa sonara, na itiwe ufunguo kila asubuhi kwa saa ileile. Ikipoteza dakika tatu kwa siku isilaumiwe, kwani katika familia ambayo kikao cha harusi cha saa nane hufunguliwa saa kumi na nusu, hiyo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kufika.