Sufuria ya Mama Mkwe

Sufuria yetu kubwa ilinunuliwa kwa ajili ya matanga. Kwa miaka mingi haikutoka jikoni ila kwa kuazimwa na jirani aliyefiwa au anayeoza, na ikirudi mke wangu huikagua kama polisi anavyokagua matatu. Ni nzito. Ukiiangusha, mbwa wa nyumba ya tatu wanabweka.

Likizo ile kijana wetu aliteremka kwenye treni stesheni ya Voi akiwa na gitaa mgongoni, mfuko wa nguo chafu mkononi, na wenzake wawili ambao hatukuwa tumeambiwa wanakuja. Ugali haujaisha mezani, akatangaza kwamba wameanzisha bendi ya panki. Mke wangu, ambaye panki aliyoijua ni ile ya kinyozi, akamtazama kichwani kuona kama amenyolewa vibaya.

Tukasomeshwa. Kumbe kulikuwa na vijana wa New York walioitwa Ramones, walianza 1974, na santuri yao ya kwanza ya 1976 ina nyimbo 14 zinazokwisha kwa dakika 29. Nikapiga hesabu: kwa dakika 29 maharagwe hata ngozi hayajalegea. Akasema si lazima kwenda mbali, Nairobi wapo Crystal Axis, ambao wamemwimba Mfalme Leopold na maovu yake Kongo, wakaiimba na Nyayo House ambako watu waliteswa. Nikanyamaza kwa heshima. Kisha nikauliza, nanyi mtamwimba nani?

"Mutura, baba."

Nilicheka, lakini nilipolala nilimwelewa. Watu huimba mapenzi, huimba pesa, wanasiasa huimbwa hadi kwenye mazishi. Ila kile kitu unachokila Ijumaa jioni nje ya kilabu, umesimama, hakina anayekiimba. Mwuzaji anaukunjua utumbo uliojazwa nyama, damu, kitunguu na dhania, umeiva juu ya makaa hadi ngozi imeanza kupasuka. Anakata kipande kwenye ubao uliochimbika katikati kama kitanda cha mto, anakusogezea kilima cha chumvi na kachumbari yenye pilipili, na wewe wakili, yeye mpakua magunia, mnachovya mahali pamoja. Hakuna sahani. Mafuta yanateremka hadi kwenye kiwiko. Mutura asili yake ni kwa Wakikuyu, lakini siku hizi uraia wake ni wa makaa popote yalipo. Kizazi chetu kilikuwa na Vunja Mifupa ya Samba Mapangala, tukaicheza bila kutoboa chombo cha mtu. Hapo ndipo tulipoachana na vijana hawa.

Maana hawakuwa na ngoma. Siku ya kwanza likachukuliwa debe la unga, unga ukahamishiwa kwenye ndoo ya kuogea. Siku ya pili karai. Siku ya tatu vifuniko vyote vikatundikwa kwa kamba ya katani kwenye mlango wa stoo, vikawa matoazi, na chai yetu ikaanza kuchemka uchi. Kipaza sauti kilikuwa redio yangu.

Siku ya nne mama mkwe akateremka kutoka Wundanyi, na mwiko wake kwenye kikapu. Mama mkwe hasafiri bila mwiko. Alikuwa amekusudia kutupikia kimanga, na kimanga si chakula cha kukoroga kwa kijiko: mbaazi na muhogo na viazi vitamu vikishaiva pamoja, unavisonga na kuviponda mpaka bega liombe msamaha. Akaitaka sufuria kubwa. Mke wangu akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia stoo.

"Imefanywa nini?"

"Ni besi, nyanya," akajibu mjukuu wake, kwa adabu zote.

Bibi akaingia stoo, akaipindua. Kitako kilikuwa kimebonyea kwa ndani, na katikati kina kitundu kama cha sindano ya gunia. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Fadhili William alikuwa mtoto wa huku kwetu, aliirekodi Malaika, dunia nzima ikaisikia, na hakuna sufuria ya mamake iliyoingia kwenye hadithi hiyo. Akapika kimanga kwenye sufuria mbili ndogo, huku akihesabu kwa sauti kila mara alipohama jiko.

Vijana hawakusikia fundisho. Saa tatu usiku wakaamua kuupiga wimbo wote kwa mpigo mmoja, mara kumi.

Sasa, nyumba yetu iko pembeni ya mji, upande wa hifadhi. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya Tsavo, na ndovu hawasomi ramani. Kiangazi kikikaza huja usiku kutafuta maji na mahindi, na dawa ya kwanza ya mwanakijiji ni kutoka na kila chenye kulia: debe, mabati, sufuria. Ukisikia jirani anapiga, nawe unapiga. Huulizi.

Jirani wa kwanza akajibu kwa mabati. Wa pili akaja na filimbi ya mpira. Dakika tano baadaye mtaa mzima ulikuwa unagonga, tochi zinamulika vichakani, akina mama wanapiga mayowe, na ndani ya stoo yangu watoto watatu wakanguruma kwa nguvu mpya: "Mutura! Chumvi! Mutura! Chumvi!" Walidhani wamepata mashabiki.

Gari la askari wa wanyamapori likafika na taa kubwa. Likazunguka mahindi yangu, likamulika choo, mwishowe likatulia kwenye mlango wa stoo, na pale mwangani akaonekana mwanangu na miko miwili, jasho likimtiririka. Askari mmoja akauliza, kwa upole wa mtu aliyetolewa kitandani, ndovu wako wapi. Hakuna aliyejibu. Mama mkwe ndiye aliyewakaribisha ndani, akawapakulia kimanga, na majirani nao wakaona si vizuri kurudi na njaa.

Kilikwisha chote. Askari alipokuwa akinawa mikono, bibi akamgeukia mjukuu: kwa nini kwenye wimbo wake hakuna kimanga? Kijana akasema wimbo ni wa chakula cha kilabuni. Bibi akamwuliza kama anafikiri babu zake walikunywa pombe ya mbangara na matumbo matupu.

Nikamwona kijana anatikisa midomo. Mu-tu-ra. Ki-ma-nga. Silabi tatu kwa tatu, mkazo palepale. Macho yakamng'aa, mkono ukaanza kutafuta kitu cha kugonga.

Mke wangu alikuwa amekwishauona. Sufuria sasa inalala chini ya kitanda chetu, upande wangu, na kila nikigeuka usiku inalia.