Jinsi ya Kuondoa Mwani Kwenye Tumbawe Lako, Ukiwa Kiwanja

Hongera, Papa. Umemaliza nyumba yako ya Kiwanja, umeweka vigae, umeweka makochi ambayo nailoni yake bado haijatolewa, na pale ukutani ambapo majirani wameweka televisheni, wewe umeweka bahari. Tangi la kioo la lita 300, taa za buluu, samaki wa rangi, na tumbawe moja lililokula bei ya ng'ombe. Bahati mbaya tumbawe hilo lilivunjika ncha njiani, mfupa mweupe ukabaki wazi, na sasa juu ya mfupa pameota nywele za kijani. Wageni wanauliza kama ni sombe. Usikate tamaa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, na ninaamini hauna mpinzani katika teritware nzima ya Rutshuru.

Tuanze na karatasi, kwa sababu mgonjwa yeyote huulizwa kwanza katokea wapi. Hawezi kuwa ametoka Muanda. Kongo ina pwani, ndiyo, kilomita zisizozidi 40 ng'ambo ya pili ya nchi, lakini pale Mto Kongo unamwaga maji baridi na tope kwa wingi ambao hakuna mwamba wa matumbawe ungeuvumilia. Basi limekuja na lori kutoka upande wa Bahari ya Hindi: Mombasa, Nairobi, Kampala, Bunagana. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha za mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali, na kwa upande wetu kazi ya vibali ni ya ICCN, taasisi ya hifadhi ya mazingira. Ila Bunagana ilitwaliwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022. Kwa hiyo kabla ya kumpangusa mgonjwa uso, amua kwanza mhuri wa nani utamwonyesha nani. Kama limevuka bila karatasi yoyote, mwani ndio tatizo lako dogo kuliko yote.

Sasa umjue adui. Tumbawe zima lina ngozi hai yenye ute, na mwani haupati pa kukaa juu yake. Hukaa pale tu ambapo ngozi imekufa. Maana yake mwani haukuua kitu sebuleni kwako. Umekuja matangani, na kama wageni wengine wa matanga, hauondoki chakula kikingali kinapikwa. Anayepika ni wewe. Kila jirani akiingia unatupa konzi la chakula ili aone samaki wako wanavyogombana. Samaki hula robo, kinachobaki kinaoza pamoja na mavi yao, na uozo huo unageuka naitreti na fosfeti, ambazo kwa mwani ni kama mbolea tu. Shamba lako la maharage la kule nyuma halijawahi kutunzwa vizuri hivyo.

Utaletewa ushauri, na mwingi wake utakuwa wa bure. Mmoja atasema ufungue vidonge vya tetrasiklini umwage tangini, kwa kuwa vilimponya mtoto wake, mbuzi wake na pikipiki yake. Vitaua bakteria wanaokusafishia maji, na kesho yake utakuwa na mwani uleule katika maji machafu zaidi. Mwingine ataleta javel. Wa tatu, mkulima wa kahawa, atakuja na dawa ya shaba ya kupulizia, naye walau anasema kweli: shaba inaua mwani. Inaua pia konokono, kamba na tumbawe lenyewe, halafu inajificha katika mawe na mchanga miezi na miezi. Isitoshe, tumbawe lenyewe linaishi kwa mwani. Ndani ya nyama yake mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza sukari kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wake. Atakayekuuzia dawa ya kuua mwani wote, mwombe kwanza aiambie dawa yake ni mwani upi anaoukusudia.

Unaweza pia kuita ONG. Watakuja na gari jeupe, watahesabu nywele, watafanya semina ya siku tatu Goma yenye chai na per diem, na utapata fulana imeandikwa kwamba sote pamoja tunaupinga mwani. Fulana ni pamba nzuri, ila kuikausha kwa kuitandika juu ya tangi ni marufuku.

Tiba yenyewe haina utukufu. Chota maji ya tangi katika ndoo, weka tumbawe humo. Vuta nywele kwa vidole, kisha sugua mfupa kwa mswaki laini, mpya, usiwe wa mama mkwe. Fanya kazi hiyo ndani ya ndoo, kwa sababu kila kipande cha mwani kinachorudi tangini kitatafuta kiwanja chake. Ncha iliyokufa kabisa ikate kwa koleo, ukiingia kidogo katika sehemu hai. Unavunja ili uponye, na utaombwa maelezo na mke wako. Chukua maji ya oksijeni ya asilimia 3 kutoka famasi, paka juu ya mfupa tu, subiri dakika moja hivi, suuza. Funika jeraha kwa supaglu ile nzito ya jeli. Lirudishe mahali ambapo mkondo wa pampu ni mkali, maana uchafu hautui penye mkondo. Halafu kaa. Ngozi hai itatambaa juu ya mfupa milimita kwa milimita, na hakuna muujiza wa kuiharakisha.

Kila wiki badilisha sehemu moja ya kumi ya maji. Hizo ni lita 30, na maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo unahitaji kilo moja na kidogo. Hapa utajaribiwa na chumvi ya Katwe. Inatoka jirani tu, ng'ambo ya Ziwa Edward upande wa Uganda, na imekolezea sufuria za Kivu tangu enzi za mababu. Iache sufuriani. Imejaa kabonati na salfeti kwa kipimo ambacho bahari haikijui. Chumvi ya mezani nayo haina kalisi wala magnesi inayolitosha tumbawe kujenga mfupa. Maji ya mvua? Moshi wa volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira huyatia asidi na floridi. Yatakayokufaa ni maji yaliyochujwa hadi yakabaki maji matupu, na chumvi ya akwaria inayouzwa kwa bei ya manukato.

Kuhusu kuraa, shukuru. Kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru kilizinduliwa Desemba 2015, kina zaidi ya megawati 13, na si kila mji wa Kongo unaojua anasa hiyo. Lakini vita vikikata nyaya, pampu inasimama, hewa inaisha majini, tumbawe linakufa kipande kingine, na kipande hicho ni kiwanja kipya cha mwani. Nunua betri na paneli ya jua kabla hujanunua samaki mwingine wa rangi.

Mwisho, ajiri walaji. Baharini kazi hii hufanywa na pono, tafi na kangaja. Joto la mwaka 1998 lilipoua zaidi ya nusu ya matumbawe katika miamba mingi ya Kenya, mwani ulivamia mifupa kwa fujo, na watafiti kama Tim McClanahan, waliokuwa wakipima miamba hiyo tangu miaka ya 1980, wameonyesha jinsi hali ya mwamba inavyofuata samaki waliobaki juu yake. Ndiyo maana hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, zina thamani kuliko miswaki yote. Tangini kwako konokono kadhaa wa baharini watatosha. Nasisitiza, wa baharini. Ukiokota wa mto Rutshuru atakufa kwa chumvi usiku huohuo, ataoza, na mwani utakushukuru.

Na kama umesoma hadi hapa ukaona gharama, nina ushauri wa kando. Vitshumbi haiko mbali, na tilapia wa Ziwa Edward anakula mwani kwa hiari yake. Hadai chumvi, hadai mhuri wa CITES, hadai supaglu. Siku ukimchoka, mkaange.