Miguu Juu, Mama Mkwe Mlangoni

Kama kuna vazi lisilostahili kuingia Dodoma mwezi wa kumi na moja, ni soksi za kubana. Mvua bado, jua la Nzuguni linawaka mpaka mbuzi wanagombea kivuli cha bajaji, na wewe mwenye mimba ya miezi saba unatakiwa uingie kwenye soksi nene inayoanzia kwenye vidole na kuishia pajani. Tena uvae asubuhi kabla hujashuka kitandani, miguu ikiwa haijajaa. Tumbo haliniruhusu kufika hata magotini, kwa hiyo kazi hiyo ni ya baba watoto. Huvuta, hutweta, jasho likimdondoka puani, kisha huuliza kwa nini hawakuziwekea zipu.

Mishipa ilianza kutokeza nyuma ya goti la kushoto, ya kijani na zambarau, ikajipindapinda hadi kifundoni. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anajiandaa na mtihani wa jiografia, aliikagua akasema: huu hapa Rufiji, huu Kilombero, na huu unaoingia kutoka juu ni Ruaha Mkuu. Alipata yote. Kwa sisi tuliozoea makorongo ya mchanga mtupu, huo ulikuwa utajiri.

Muuguzi wa kliniki alinieleza vizuri. Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu ya ile ya kawaida, homoni zake hulegeza kuta za mishipa, na mfuko wa uzazi unapokua hukandamiza ule mshipa mkubwa wa kurudisha damu moyoni, unaopita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Damu inapanda kwa taabu, inatuama miguuni. Ndiyo maana tunaambiwa tulalie ubavu wa kushoto. Wengi hupata nafuu wakishajifungua. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma, nisingoje tarehe ya kliniki: huenda damu imeganda, niende hospitali saa hiyohiyo. Mengineyo, nisisimame muda mrefu, nitembeetembee, nisikunje nne, na nikikaa, miguu iwe juu.

Miguu juu! Rahisi kusema. Nauza vitunguu Soko la Job Ndugai, jirani na stendi kuu. Nilipoiweka juu ya kreti la soda, mteja akauliza kama nimefunga biashara. Mwingine akasema hilo ni baridi, nisikanyage sakafu. Abiria wa Singida akakataa kupanda basi mpaka amalize kunielekeza dawa ya kuchua ya kwao. Konda akaja kumkokota. Nilishukuru, sikuchua.

Nikahamishia tiba nyumbani: mkeka, mito mgongoni, nimeegemea kushoto, visigino ukutani. Mkao huo hauna heshima hata kidogo, na gauni nalo lina tabia ya kuteremka.

"Hodi! Mbukwenyi!"

Mama mkwe, kutoka Bahi, na kiroba cha mlenda mkavu. Mkwe hupokelewa kwa goti. Mimi, kabla ya goti, inabidi nigeuke, nishike meza, nipumzike, nianze upya. Katika kuhangaika gauni likapanda lote. Rufiji ikaonekana, na matawi yake.

Akatua kiroba. "Lala, mwanangu."

Kisha akapandisha kitenge chake hadi gotini. Mishipa minene kuliko kidole changu, imekaa pale miaka. Akaanza kunionyesha mmoja mmoja: huu wa wifi yako wa Manyoni, hii miwili ya mapacha, na huu mkubwa kuliko yote ni wa mumeo, hakuwahi kutulia tangu tumboni. Akavua kandambili, akajisogeza mkekani, akapandisha miguu yake ukutani kando ya yangu. Tukaanza habari za mvua.

Jioni baba watoto akaja na mzee wa kanisa. Alisukuma mlango, akaona nyayo nne zinamtazama kutoka ukutani, akaurudisha polepole. Tukamsikia huko nje akimweleza mgeni jambo lisiloeleweka, halafu akabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

"Subiri," mama akamjibu. "Bado damu haijashuka."