Sukari ya Juu

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi Mkaguzi, haingii kwa watu mikono mitupu. Bajaji ikisimama getini Jumamosi, hapa Tabata, wajukuu wanatazama boksi kwanza, bibi baadaye. Ndani mna donati zilizopakwa chokoleti, na juu ya chokoleti vile vipipi vya rangi ambavyo wiki nzima unavikuta kwenye makochi na kwenye shuka. Wewe mwenye mama mkwe mkarimu unanielewa.

Sasa kliniki ilimwambia Bibi Mkaguzi kwamba sukari yake imepanda. Donati hakuacha. Aliacha ile aisingi tu. Anaikwangua kwa kijiko, taratibu, mpaka donati inabaki kipara, kisha anaila na chai ya rangi huku anatuangalia sisi tusiojali afya. Makwangulio yanakaa kwenye kisahani. Na kisahani kina mlinzi wake, kitinda mimba wetu, tunayemwita Sisimizi kwa sababu hakuna sukari iliyowahi kumpotea. Kwa hiyo sukari haitoki nyumbani kwangu. Inahama tu, kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu.

Mke wangu anafundisha sayansi sekondari, na jambo hili lilimkosesha usingizi. Akaleta mizani ya jikoni mezani, mbele ya mama yake, jambo ambalo mimi mkwe nisingethubutu. Donati nzima: gramu 70. Makwangulio: gramu 12. Akachukua daftari. Donati ya chokoleti ya uzito huo ina karibu kalori 300. Aisingi iliyokwanguliwa haifiki hata 60.

“Na zilizobaki ziko wapi?” akauliza binti yetu Mwanasheria, ambaye hajawahi kukubali jibu la kwanza.

Ziko kwenye mafuta, na hapo mke wangu alisema jambo ambalo natamani kila nyumba ilisikie. Donati ya namna hiyo hubeba gramu 16 hivi za mafuta, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya sukari ina 4. Piga hesabu: 144, karibu nusu ya donati, na hakuna kijiko kinachoweza kuyakwangua, kwa sababu yalinyonywa na kinyunga kikaangoni. Kinachobaki kwa wingi ni wanga wa ngano nyeupe, nao tumboni hugeuka kuwa glukosi, ile ile inayopimwa kliniki. Protini ni gramu 4 hivi, nyuzinyuzi gramu 1 au 2.

Bibi akanyamaza. Mimi nilimwonea huruma, maana alikuwa amejinyima kwa nia njema kabisa.

Ndipo akaingilia Shemeji Utetezi, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kulala siku mbili tangu Pasaka. Akasema unga wa siku hizi una virutubishi. Hilo ni kweli: kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza unga wa ngano uongezwe virutubishi, yakiwemo madini ya chuma. Lakini hoja hiyo ni ya zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watengeneza donati wa Marekani walitaka kuziuza kwa jina la donati za vitamini kwa vile unga wake ulikuwa umerutubishwa, na serikali yao ikalikataa jina hilo. Shemeji akajibu kwa kuchukua donati ya pili.

Lililoniuma ni la Sisimizi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ingefaa zaidi zikiwa chini ya 25. Mtoto ni chini ya hapo. Donati moja ina kati ya gramu 15 na 20, na mwanangu alikuwa anakula yake pamoja na makwangulio ya bibi.

Tukakubaliana donati zitapikwa nyumbani, kwenye oveni, bila kukaanga. Mke wangu akakanda, akaacha unga uumuke, akapanga kwenye trei. Dakika chache baadaye umeme ukakatika. Tulisubiri. Bibi Mkaguzi hakusubiri. Alishainjika karai kwenye mkaa. Nilichofanikiwa kupata ni hiki: mafuta yapate moto wa kutosha kwanza, maana yakiwa vuguvugu unga hukaa sana karaini na kunywa zaidi, na kila donati ichujwe vizuri. Alikubali yote mawili.

Za kwanza zilipotoka, Sisimizi alikuwa ameshika kisahani kitupu, anauliza aisingi iko wapi.