Mwongozo wa Kununua Robo ya Sukari kwa Kutumia Gazeti

Umesikia redioni kwamba bei ya sukari imetangazwa. Umevaa ndara, umeshika shilingi mia nane, unataka kwenda dukani. Kaa kwanza. Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Tanga, Muheza, Pangani au Mkinga ambaye bado anaamini kuwa habari ya bei ndiyo bei. Ufuate wote, hatua kwa hatua. Sukari haitakutosha, ila utarudi na adabu.

Anza na maneno. Bei ya sukari ikitangazwa huitwa elekezi. Usiichanganye na bei kikomo, ambayo ni ya petroli. Kikomo hutangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga ina safu yake kwa kuwa meli za mafuta hushusha hapa hapa bandarini. Kituo cha mafuta kikizidisha, ubao wake wenyewe unakishtaki. Duka la mtaani kwako halina ubao. Lina mizani, na mizani imegeuziwa muuzaji. Elekezi, kama jina lake, huelekeza tu, mithili ya kijana wa stendi anayekuonyesha basi la Lushoto kwa kidole. Kidole kiko sahihi. Basi limeshaondoka.

Sasa jifunze vitenzi vya vichwa vya habari, maana huko ndiko bei ilikojificha. "Yaonya" maana yake imepanda. "Ipo ya kutosha" maana yake nunua leo, tena nunua kilo mbili. "Vibali vyatolewa" maana yake meli haijaonekana. "Yatoa siku saba" ni rahisi: hesabu hadi saba, kisha usihesabu tena, kwa sababu siku ya nane hakuna mwandishi anayerudi kuuliza. Ukiona "msako waanza", usiende dukani kabisa. Muuzaji ameshaficha hata ile aliyokuwa anauza.

Tuchukue mfano uufanyie mazoezi. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja: kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kulingana na kanda. Sababu ya uhaba ilikuwa ya kweli na iliandikwa vizuri: mvua za El Niño zilijaza maji mashambani, miwa ikashindikana kuvunwa, viwanda vikapunguza kasi. Kisha ikaandikwa bei, na tangu hapo gazeti likawa na sukari yake, duka likawa na yake. Mtaani kilo ilifika 4,000, kwingine ikapita. Wiki zile gazeti na robo ya sukari vilikuwa bei moja, shilingi elfu. Chagua kimoja. Aliyechagua gazeti alikunywa chai ya chumvi akisoma kwamba sukari ni nafuu.

Hapa shika kalamu. Tuseme muuza duka amechukua gunia la kilo 50 kwa 190,000. Kilo imemfikia kwa 3,800, bado nauli ya guta. Akitii elekezi ya 3,000 anapoteza 40,000 kwa kila gunia, na kadiri anavyotii ndivyo anavyofilisika. Hesabu hii inaenea nyuma ya kiberiti. Gazetini nimeitafuta sana. Nilichokipata ni picha ya kiongozi akimuuliza mwenye duka la rejareja kwa nini hana utu. Aliyemuuzia gunia, yule wa jumla, huwa hapatikani kwenye simu. Usijaribu kumpigia wewe.

Usimchukie mwandishi, lakini. Waandishi wengi wa mkoani hulipwa kwa habari iliyotoka, senti zenyewe za kuhesabu. Ukumbini, kiongozi anapotoa tamko, kuna kiti, maji ya chupa, karatasi iliyokwisha chapwa, na aghalabu posho ya nauli. Soko la Mgandini lina tope, na wachuuzi wanaosema "usinipige picha". Ungekuwa wewe ungekwenda wapi? Ndiyo maana habari za sukari zimejaa watu ambao hawajainunua wao wenyewe siku nyingi. Ukikutana na mwandishi sokoni, msalimie. Amekuja kununua nyanya.

Ramadhani ina kanuni zake, na ni nyepesi. Kila mwaka, siku chache kabla ya mwezi kuandama, wafanyabiashara huaswa wasipandishe bei. Habari hiyo unaweza kuikata, ukaitunza, ukaisoma tena mwakani; badilisha tarehe tu. Mwaka 2024 mfungo ulianza Machi, sukari ikiwa bado adimu. Wafanyabiashara nao huitikia "inshallah". Usiulize inshallah ya upande gani.

Kuhusu bandari bubu, soma taratibu. Ukanda wetu, kuanzia Jasini mpakani mwa Kenya kushuka mpaka Mkwaja, umejaa vihori na mikoko ambako mashua yaweza kutia nanga usiku bila kumwamsha mtu. Kila sukari ikipanda bara, habari hurudi: shehena yakamatwa, magunia yapangwa, afisa asimama kando. Huwa hutaambiwa kwa nini mtu ahangaike na bahari usiku kwa ajili ya sukari. Sababu ni tofauti ya bei ya ng'ambo na ya huku; ikiwa kubwa, hata asiyejua kupiga kasia hujifunza. Nimeshangaa siku zote kwamba bandari hizi huitwa bubu ilhali zina habari nyingi kuliko bandari inayosema. Ukiuliza ilikokwenda sukari iliyokamatwa, utajua nani hasa bubu.

Halafu sukari itaingia bungeni, na hapo utaipoteza kabisa. Juni 2024 mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kwamba amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Alikabidhi ushahidi kwa Spika, kisha akaueleza mbele ya waandishi wa habari. Hilo la pili ndilo lililomponza: alifungiwa vikao 15. Magazeti yaliuza siku zile, na kila kijiwe cha kahawa kilijua idadi ya vikao. Mwezi huo huo sheria ilibadilishwa ili NFRA, ile ya ghala la mahindi, iweze kuagiza na kuhifadhi sukari. Hilo halikuwa na picha nzuri. Jaribu kuuliza kijiweni leo uone wangapi wanalikumbuka. Vikao 15 wote wanavikumbuka.

(Mwenye umri atakuambia haya si mageni. Februari 2016 Rais Magufuli alizuia sukari ya nje isiyo na kibali ili kulinda viwanda vya ndani, bei ikaelekezwa 1,800, ikapaa, Mei ukaja msako wa waliohodhi na runinga zikaonyesha maghala. Mwenye umri pia alinunua kwa 2,500.)

Haya, sasa umeiva. Nenda dukani. Tazama kwanza wenzako wanavyofanya. Februari 2024 nilisimama Makorora, hapa Tanga, nyuma ya bi mkubwa mmoja aliyeweka mia nane kwenye kaunta.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie robo sukari."

"Robo elfu, bibi."

"Elfu? Jana redio imesema kilo elfu tatu."

Kijana wa duka hakubisha. Tangu mifuko ya plastiki, ile ya Rambo, ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 yeye hufungia vitu vidogo kwenye karatasi. Alichana gazeti la juzi, akalizungusha, akamimina, akapima, akapunguza punje kidogo kwa kijiko.

"Redio hainipi mzigo, bibi."

Bi mkubwa alitazama sukari, akatazama mia nane yake. "Basi niandikie hiyo mia mbili."

Akaandikiwa kwenye daftari la madeni. Hapo ndipo ilipo kanuni ambayo matangazo yote huiruka. Wananchi huombwa wawataje wanaouza juu ya bei elekezi, na namba ya simu husomwa mara mbili. Ila anayeuza juu ya bei ndiye anayekukopesha unga tarehe 20, na hakuna anayempigia simu polisi akiwa ameandikwa. Ukiipiga, hakikisha umeshahama mtaa.

Daftari lile ni la kurasa 96, limefungwa kwa mpira, hukaa juu ya friji ya soda. Lina tarehe, bidhaa, kiasi na bei iliyolipwa kweli, mwezi baada ya mwezi. Ukitaka kujua sukari iliuzwaje Tanga mwaka 2024, omba ulitazame. Kijana hatakupa. Mimi mwenyewe nimo.