Hongera, Umekabidhiwa Kadi

Kikao cha pili cha kamati ya harusi ndicho chenye hatari. Cha kwanza kina soda, karanga na kuchagua mwenyekiti, na watu hutawanyika wakicheka. Cha pili mwenyekiti hufungua daftari na kuuliza, "Nani atatusaidia kwenye kadi?" Ukumbi una mtu wake, chakula kina mama zake, magari yana kijana mwenye rafiki mwenye Noah mbili. Kadi hazina mwenyewe. Wewe uliyekuwa umeinamia simu ukijibu ujumbe, ukainua kichwa wakati huohuo, umeonekana. "Huyu anajua kompyuta," anasema mama mmoja usiyemfahamu. Unapigiwa makofi ya kilo, na kuanzia hapo mwongozo huu ni wako.

Usilolijua la kwanza ni kwamba kadi si moja. Kuna kadi ya mchango na kuna kadi ya mwaliko, na anayezichanganya huchekwa kwenye harusi tatu zinazofuata. Kadi ya mchango hutoka miezi kadhaa mapema. Ndani yake familia ina furaha kukutaarifu kuhusu ndoa ya kijana wao mpendwa, inakuomba uwaunge mkono kwa hali na mali, kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo za kujishusha, kuna namba tatu za simu za kupokelea pesa. Kadi ya mwaliko huja mwishoni, kwa aliyetoa. Watu wa nje huiita mwaliko. Sisi tuliokaa kwenye vikao tunajua ni risiti. Ndiyo maana pembeni ina neno "singo" au "dabo", kama kitanda cha gesti.

Usidanganyike na muda nao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wachumba watoe taarifa siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Siku 21 zinaitosha Serikali. Kamati inataka miezi sita, na bado wiki ya mwisho utashinda Kariakoo.

Sasa maneno. Utadhani ni kazi nyepesi kwa kuwa yameshaandikwa zamani: familia ya Bw. na Bi. Fulani wa Mbagala inayo furaha kukualika, halafu nukta nukta. Mstari huo umepita mikononi mwa watu hadi umelegea kama noti ya elfu moja ya sokoni. Lakini pale kwenye "Bw. na Bi." ndipo penye kisima. Baba mzazi yuko Tabora na mke mwingine. Mama aliolewa tena, na baba wa kambo ndiye aliyelipa ada tangu darasa la kwanza. Mjomba ndiye aliyesimamia mambo ya mahari. Baba mkubwa ndiye mkuu wa ukoo, na ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kusema kwamba yeye hana neno, ila angependa tu kuiona kadi kabla haijachapwa. Mtu asiye na neno hahitaji dakika nne.

Usijaribu kutenda haki. Nilijaribu mara moja, nikawaweka wote. Kadi ikawa na majina mengi kuliko tangazo la msiba redioni, na bwana harusi akaibukia mstari wa tisa. Kimbilia neno "ukoo". Ukoo hauna mke wa kwanza wala wa pili, haudaiwi ada, na haujawahi kupiga simu saa tano usiku kulalamika kwamba umeandikwa chini ya jina la mwingine. Kama mzazi mmoja ametangulia mbele ya haki, uliza kwanza iwapo familia inataka neno "marehemu" kwenye kadi ya furaha. Wapo wanaolitaka. Wapo watakaolia mbele yako dukani, na fundi wa kuchapa atakutazama wewe.

Vyeo usivibishie. Aliyerudi Makka mwaka huu anataka "Alhaji" na ana haki yake. Diwani aliyeangushwa kwenye uchaguzi bado ni Mheshimiwa. Mchango wake umeshapokelewa.

Haya yote utayaandika kwenye kompyuta isiyojua Kiswahili. Itapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, na kosa la kweli litajificha humo kama kibaka kwenye umati. "Mwariko" na "kukalibisha" vimeshapita mbele ya macho ya watu wenye shahada mbili mbili. Halafu bibi wa Tanga ataomba isomeke "arusi", na shemeji wa Moshi atasema bibi kala herufi. Kamusi inayakubali yote mawili, jambo ambalo halitamridhisha yeyote. Bibi ndiye mwenye dua. Mpe arusi yake. Na kama familia inataka Bismillahi kwa herufi za Kiarabu juu ya kadi, mtafute anayesoma Kiarabu aitazame baada ya fundi kuipanga, siyo kabla. Zipo programu za usanifu zinazozipokea herufi zile zikaziachanisha na kugeuza kichwa kuwa mkia, zikabaki zimesimama mojamoja kama abiria waliogombana. Fundi hataona tofauti. Shehe ataiona akiwa mlangoni.

Bibi harusi naye atakutumia picha ya kadi aliyoiona mtandaoni, bluu ya kifalme yenye maua ya dhahabu. Kwenye simu inawaka. Simu hutengeneza rangi kwa mwanga, wa nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino, wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na bluu ile inayowaka haimo kwenye wino huo. Mara nyingi hutoka inaelekea zambarau. Mweleze mapema. Atakuelewa vizuri kabisa, na siku ya kuziona kadi atasema hukumweleza. Picha ya wachumba usiipokee kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, maana njiani hubanwa ikakonda. Waambie waitume kama faili, la sivyo bwana harusi atatokea na vigae usoni. Mwandiko wa mikia na mapindo uache uwe wa mapambo tu, kwa sababu ndani yake "Tausi" husomeka "Jansi". Dhahabu juu ya rangi ya maziwa husomeka vizuri dukani, chini ya taa tatu. Kadi yako itasomwa ndani ya daladala, mtu kasimama.

Utaulizwa gramu ngapi. Usijibu "za kawaida". Karatasi ya gramu 300 ni ile ambayo mita moja ya mraba ina uzito huo, na kwa kuwa A4 ni sehemu ya 16 ya mita ya mraba, kadi moja ya A4 iliyokunjwa katikati haifiki gramu 19. Unyoya. Sasa zidisha kwa wageni 300: kilo tano na nusu zimepita, bila bahasha, na mzigo huo utaukumbatia kwenye bodaboda ukitoka Kariakoo huku wingu limefunga.

Fundi wako yuko ghorofa ya pili, nyuma ya mtaa wa Msimbazi, mlango usio na kibao. Ni msanii wa kweli, na ana kadi za harusi nyingine sita kwenye mashine hiyohiyo. Lugha yake ina maneno machache lakini inahitaji mkalimani. "Kesho asubuhi, bosi" maana yake keshokutwa. "Ziko kwenye mashine" maana yake faili bado halijafunguliwa. "Umeme ulikatika" inaweza kuwa kweli. Hatari kuliko zote ni "njoo tu", maana ukishakaa kwenye lile benchi lake utakaa mpaka saa nne usiku, na utajikuta unakunja kadi za harusi ya watu wengine. Mimi nimekunja za kipaimara, za ubatizo, na mara moja za harusi ya jirani yangu ambayo sikualikwa.

Akikupa sampuli isome kwa sauti, neno kwa neno, kisha mpe mtu asiye wa familia naye aisome. Familia haisomi kadi. Kila mmoja hutafuta jina lake, akilikuta anasema "imependeza".

Hilo nalijua kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia kadi za sherehe ya kumuaga binti wa baba yangu mkubwa. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza, kwa ajili ya wageni wa kazini kwake. Kiingereza kilitangulia, nacho kilitaja sita ya jioni kwa saa za kizungu. Mimi, usiku wa manane, macho yamejaa maua ya dhahabu, nikatafsiri kila kitu isipokuwa saa. Kadi ikatoka imeandikwa "Saa 6:00 jioni". Saa hiyo haipo. Tuna saa sita ya mchana na tuna saa sita ya usiku; jioni haina saa sita hata ya kuazima. Watu kumi na wawili wa kamati waliipitisha kadi ile mkono kwa mkono. Imependeza, walisema.

Wageni wengi walikisia, kwa kuwa kila mtu wa Dar anajua sherehe huandikwa saa kumi na mbili na mwenye sherehe huingia saa tatu. Baba mdogo kutoka Shinyanga hakukisia. Aliona sita, akafika saa sita mchana.

Nilimkuta saa tisa, nilipopeleka kitabu cha wageni. Suti ya kahawia, viatu vinang'aa, kofia magotini, amekaa peke yake katikati ya viti mia tatu ambavyo bado havijavishwa vitambaa. Mpambaji alikuwa juu ya ngazi na pini mdomoni. Kijana wa muziki alikuwa akijaribu spika: moja, mbili, moja, mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hivi wenzangu wamekwama wapi?"

Kadi alikuwa ameishika kwa vidole viwili, kama tiketi ya treni. Nikamwambia foleni. Nikamletea chapati mbili na soda kutoka kwa mama ntilie wa nje, na mpaka leo anawasimulia watu wa Shinyanga kwamba foleni ya Dar es Salaam ilimpotezea saa sita. Andika saa kwa maneno: saa kumi na mbili jioni. Herufi ni nyingi, lakini hazikuumbui.

Kadi zikifika, wajumbe wote wenye mwandiko mzuri watapata udhuru. Utajaza majina peke yako kutoka kwenye orodha ya mweka hazina, ambayo haina majina ya watu, ina jinsi alivyowahifadhi kwenye simu: Mama Neema Cherehani, Juma Gesi, Shem Mpya. Utagundua Mama Neema wako watatu. Mmoja ametoa elfu hamsini, mmoja ametoa laki, mmoja ameahidi. Ukimpa mwenye ahadi kadi ya dabo, mwenye laki atapata habari kabla hujafika nyumbani, na atakuuliza kwa upole sana. Upole ule ndio wa kuogopa. Kisha wapo waliotoa nusu ya ahadi. Kuhusu hao kamati itakwambia utumie busara, yaani lawama ni zako.

Vijana watasema yote haya ni ya kizamani, siku hizi kadi ni ya simu, yenye msimbo wa QR. Wana hoja. Msimbo huo ulibuniwa Japani mwaka 1994 na wahandisi wa kampuni ya Denso kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, na kazi ile inafanana kweli na ya mlangoni mwa ukumbi: kimoja kimoja, na kilichopita hakipiti tena. Ila kipuri hakiji na wajukuu wawili. Kipuri hakisemi simu imezima chaji. Kipuri hakikutazami usoni kikauliza, "Leo unanizuia mimi, niliyekuogesha?" Mlinzi ana mashine, shangazi ana historia, mashine itawaka nyekundu na shangazi atapita. Tenga viti ishirini visivyo kwenye orodha yoyote, na usimwambie mwenyekiti.

Mwaka jana nilimtembelea shangazi yangu mkubwa. Kadi ya ile sherehe ya saa sita jioni bado iko kwenye kabati lake la vyombo, imechomekwa kwenye kioo mbele ya sahani za maua zisizotumika. Nikaisogelea. Jina lake niliandika kwa mkono wangu mwenyewe usiku ule, na kumbe niliruka herufi moja. Ameichomeka kwa kalamu ya bluu, na kamshale ka kuonyesha inapokaa. Saa ameiacha kama ilivyo.