Sifa za Maji Yaliyoingia Kwenye Oili

Mwenye trekta kuukuu mjini Bujumbura amezoea kuhesabu vinavyopungua. Mazutu hupungua vituoni mpaka foleni ikapinda kona, fedha za kigeni za kuagizia vipuri hupungua, na sahani za plau hulika kila msimu wa mpunga katika tambarare ya Imbo. Kitu kimoja tu huongezeka bila kulipiwa: oili ya injini, pale maji ya rejeta yanapopenya na kushuka kwenye sampo. Mtu anachomoa kijiti cha kupimia jioni, anakuta oili imepanda kupita ilipokuwa asubuhi, tena imegeuka chai ya maziwa, na badala ya kushukuru anashika kichwa. Analia bure. Katika maradhi yote ya injini ya zamani sijui gonjwa lenye ukarimu kama hili, wala lenye ukweli kama wake. Hata ule msemo kwamba maji na mafuta hayapatani limeupuuza na kuyaweka pamoja, ingawa ndoa yenyewe ni ya kulazimishwa.

Beringi hulika kimya kimya mpaka siku linapogonga. Uvujaji huu haujui kuficha. Unatoa ushahidi kila mahali, na vyombo vya kuusikilizia ni spana na subira. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo trekta likilala usiku kucha bila kuwashwa, yale ambayo hayajakorogeka hutuama chini ya sampo. Asubuhi legeza kizibo taratibu, usikitoe: kama maji yapo, ndiyo yatakayotangulia kuchuruzika. Ikiwa yamekwisha kuvurugwa na kuwa povu zito, tone moja juu ya bati la moto litatatarika, jambo ambalo oili safi haifanyi. Baada ya hapo, ukishahakikisha hakuna maji juu ya pistoni, fungua rejeta injini ikiwa ya baridi, uiwashe, utazame. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya mwako inayopita kwenye gasketi iliyoungua au ufa wa silinda hedi. Pasipo mapovu, teremsha sampo, tandika boksi safi chini, jaza maji, tia upepo kiasi kwenye rejeta, kisha lala chali ungoje. Katika injini ambazo silivu zake huzungukwa na maji, tone likining'inia kwenye ukingo wa chini wa silivu, nje yake, raba zake zimechoka. Likitokea ndani, juu ya pistoni, shtaka linarudi kwa gasketi, kwa hedi, au kwa silivu yenyewe iliyotoboka. Na kama injini ina kipoza oili, kikipasuka huchafua rejeta kwa oili wakati wa kazi, kwa kuwa presha ya oili huzidi ya maji. Injini ikizimwa ndipo maji huweza kurudi upande wa pili. Mshitakiwa gani mwingine hutaja mlango alioingilia?

Sifa yake kubwa zaidi ni kwamba haumwonei mtu. Bujumbura haina theluji, na kutokana na hilo wengi wamehitimisha kwamba kulanti ni anasa ya Wazungu, maji matupu yanatosha. Lakini kazi ya kulanti si kuzuia barafu peke yake. Ndani yake mna dawa ya kukinga chuma. Silivu hutetemeka kila mwako unapopiga, vipovu huzaliwa ubavuni mwake na kupasuka hapo hapo, na kila kimoja hung'oa chembe ya chuma mpaka pakabaki tundu la kupitisha sindano. Maji ya Ziwa Tanganyika nayo, yenye pH inayokaribia 9 na magnesiamu nyingi, yakichemka huacha ukoko juu ya chuma cha moto, na chini ya ukoko joto halitoki. Ongeza mfuniko wa rejeta uliopotea na mahali pake kuzibwa kwa kitambaa. Kwa mwinuko wa mji huu, mita 780 hivi, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 97; ukivuta tela hadi Bugarama, juu ya mita 2,000, hayafiki 94. Hedi inapinda, gasketi inaachia. Uvujaji unakuja kusoma hesabu zilizoandikwa na mwenye mali mwenyewe.

Watasema unaua injini. Kweli, maji hayawezi kubeba uzito wa kranki kama oili, na beringi hulika upesi. Lakini oili ilibadilika rangi mapema. Aliyeendelea kulima siku tatu zaidi ndiye muuaji. Watasema ni ghali, kwani vipuri husafiri kutoka Dar es Salaam, kwa barabara au kwa kuvuka ziwa kutoka Kigoma. Raba ya silivu ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika safari hiyo. Ghali ni kubahatisha: kununua gasketi kabla ya kuchungulia, kufunga, kisha kukuta oili nyeupe vile vile. Wengine watadai unadanganya, maana povu huonekana chini ya kifuniko cha oili hata katika injini nzima. Huo ni unyevu wa injini isiyopata moto wa kutosha. Ukiona kijiti ni kisafi na maji ya rejeta hayapungui, ipe injini kazi mpaka ipate moto vizuri; povu litaondoka. Hapo tumemsingizia asiyekuwepo.

Basi, mwenye trekta, kesho kabla ya kuwasha, legeza kizibo cha sampo. Yakitangulia maji, usiguse starta kabla ya kuhakikisha juu ya pistoni ni pakavu: huenda mengine yamekaa hapo, na maji hayagandamizwi, kitakachopinda ni konrodi.